Jioni za Dorika, Shimo la Mungu

"Yuko wapi?"

Felix alisimama nyuma ya mkewe, jasho likimtiririka shingoni.

Dorika hakugeuka. "Nani?"

"Huyo mwanaume unayekutana naye. Mwite atoke. Leo nimekuja mwenyewe!"

Hapo Shimo la Mungu ardhi ya Newala inakatika ghafla. Chini kabisa mchanga wa Ruvuma uling'aa kwa jua la jioni, na ng'ambo yake ilikuwa Msumbiji. Dorika alikuwa ameketi juu ya jiwe, viatu kavua. Peke yake.

Felix akamsogezea simu. Ujumbe wa dada yake, Oliva, ulikuwa bado wazi: "Kaka, mkeo kila siku saa kumi na moja anavaa vizuri anatoka. Mama yetu mgonjwa anamwachia jirani. Fumbua macho."

Dorika akausoma mpaka mwisho.

"Wifi kasema kweli. Natoka kila siku."

"Kumfuata nani?"

"Kaa, Baba Cyril. Akitokea mtu hapa, kesho nirudishe kwetu Lupaso."

Felix akakaa, mbali kidogo. Dakika kumi zikapita. Hakutokea mtu. Upepo ulipanda kutoka bondeni, na ndege walikuwa wakizunguka chini yao, si juu. Moyo uliokuwa ukimdunda tangu nyumbani ukaanza kutulia, ingawa yeye bado alitaka kukasirika.

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Sifanyi kitu. Ndicho ninachokifuata."

Mama yake Felix alikuwa amepooza upande mmoja, mwaka wa tatu sasa. Dorika ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimwogesha, akimlisha uji kwa kijiko. Felix akitoka kufundisha alipitia kwenye bao. Oliva, wa mtaa wa pili tu, alikuwa akija Jumapili tu, na nguo zake za kanisani.

"Ulishawahi kuniuliza nimelalaje?"

"Nakuuliza kila asubuhi!"

"Unauliza mama kaamkaje. Nakujibu mama kaamka salama."

Felix akasogea karibu kidogo.

"Mama nampenda, Mungu ananiona," Dorika aliendelea taratibu. "Lakini mwezi wa pili mwaka huu nilikata tiketi ya basi la Masasi. Niende kwetu, nisirudi. Nikapita hapa nipatazame mara ya mwisho. Nililia mpaka nikachoka. Basi likaondoka. Jua lilipozama nikaona naweza kurudi. Nikarudi, nikamgeuza mama, nikapika. Kesho yake jirani niliyemwachia mama siku ile, Mama Huruma, akaniambia, nenda tena, mimi nitakaa naye."

"Yaani ningerudi nyumbani nisikukute?"

"Usingenikuta."

Felix aliinamisha kichwa. Kisha akampigia dada yake.

"Kaka, umemfumania?"

"Nimemkuta peke yake, amechoka. Oliva, nenda sasa hivi ukamwogeshe mama. Kuanzia leo tunagawana siku."

"Mimi? Na watoto wangu je?"

"Mama katuzaa sisi, si Dorika. Uji napika mimi."

Akakata simu. Akamnyooshea mkewe mkono.

"Nisamehe. Twende nyumbani."

"Nimekusikia. Ila tangulia wewe, mimi bado sijamaliza kupumzika."

Ilimchoma. Alitaka kubisha, akaangalia ule uso uliochoka. Akaondoka peke yake.

Nyumbani alimshukuru Mama Huruma, akakoroga uji ukajaa madonge. Mama yake alionja, mdomo ukapinda kwa kicheko.

"Uji gani huu?"

"Wa mwanao, mama. Vumilia."

Oliva alikuja akiwa amenuna, akaingia chumbani kwa mama na maji ya moto. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Kaka, mbona mama mzito hivi? Kumgeuza peke yangu nimeshindwa, mpaka nikamwita jirani. Dorika anawezaje?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi miaka mitatu sikumuuliza."

Oliva alikaa kizingitini, akajifuta uso kwa kanga. "Akirudi nitamwomba radhi."

Simu ya Felix ikalia. Ujumbe: "Jua limezama. Njoo unichukue, Baba Cyril. Tusipande boda, tutembee polepole, nina mengi ya kukusimulia."

Aliusoma mara mbili. Kisha akatoka mbio, unga bado umemganda vidoleni.