Kiapo Kilichosingiziwa

Wanakijiji wenzangu, nisikilizeni. Tulipokuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, huku upande wa Machochwe, nyumba ya Mogesi ilikuwa ya kutamanika. Jioni ungemkuta mkewe, Robi, anamega ugali wa mtama, anauchovya kwenye maziwa na kumlisha binti yao Gati, huku wanacheka.

Kisha ng'ombe wa kijiji akaibwa. Wazee wakataka kila mtu ale kiapo. Robi akaapa kwamba hakumwona mwizi. Hazikupita wiki nyingi, kinywa chake kikajaa vidonda. Baadaye malengelenge yakamtoka mgongoni, yakapasuka, ngozi ikabaki mbichi.

"Kiapo kimemrudi!" watu wakasema. Haya, nani alimwuliza Robi anaumwa wapi? Hakuna! Mogesi, mume mzima, akamhamishia kibanda cha nyuma ya zizi.

Gati alikuwa akimpelekea uji, anauweka juu ya jiwe, anarudi nyuma kama alivyoagizwa.

"Sogea kidogo nikuone, mwanangu."

"Baba amekataa."

Uji ulimchoma Robi, akameza kwa machozi. Lakini kilichomtesa zaidi ni hamu ya kumshika mtoto wake. Alimsikia akicheza uani, akamtamani mpaka kifua kikamuuma.

Kaka yake Robi, Joram, alipofika kutoka Nyamisangura, alifoka. "Shemeji, hata ndama akiugua unamwita bwana mifugo! Dada yangu je?" Akampeleka hospitali.

Daktari alisugua ngozi kwa kidole, ikachubuka. Akakata kipande kidogo, kikapelekwa Mwanza kupimwa. Majibu yaliporudi, akamwita Mogesi.

"Kinga ya mwili wake inaishambulia ngozi yake mwenyewe. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kiapo. Atameza vidonge kwa muda mrefu, asiviache ghafla. Mngechelewa zaidi, mngemzika."

Mwizi naye alikamatwa. Kumbe aliapa siku ileile, na mdomo wake ulikuwa mzima kabisa, anatafuna nyama!

Robi akarudi nyumbani, akaketi, akanyoosha mikono. Gati akaweka kikombe cha uji chini, akarudi nyuma.

"Njoo, mwanangu, nimepona."

Mtoto akamtazama baba yake kwanza. Machozi yakamtoka Mogesi.

MAFUNZO

Jamani, mgonjwa apelekwe hospitali kabla ya kuhukumiwa. Vidonda vya kinywani visivyopona na malengelenge yanayopasuka si ushahidi wa dhambi. Na mkimtenga mama, mnamtenga na mtoto. Vidonge vilirudisha ngozi ya Robi. Mikono ya Gati bado anaisubiri.