Kobe Aliyekariri Njia

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Mawazo alisimama kwanza dirishani kabla ya kuingia chumba cha sayansi. Alipenda kukitazama kutoka nje, jua la alasiri likiwa limejilaza sakafuni na vumbi likielea kama mgeni asiye na haraka. Kisha aliingia, akavua viatu asije akalichafua turubai jeupe lililotandikwa chini, akaketi na kompyuta mapajani. Jina lake halisi wenzake walikuwa wamekwisha kulisahau. Walimwita Mawazo kwa sababu ungemwita mara mbili tatu, ilhali amekaa mbele yako, kabla hajarudi kutoka huko akili yake ilikokwenda.

Timu ilikuwa ya watu watatu. Msumari, mvulana mwembamba kuliko jina lake, ndiye aliyeunda mwili wa roboti kwa vipande vya plastiki, mota na magurudumu ya gari la kuchezea. Redio, msichana ambaye hakuna aliyejua anapozimwa, ndiye aliyewaeleza waamuzi kazi yao. Mawazo aliandika programu, yaani maagizo ambayo roboti huyafuata. Roboti yenyewe waliiita Kobe, kwa kuwa gamba lake lilikuwa bakuli lililopinduliwa, na kwa kuwa siku za mwanzo hakuwa na haraka na mtu.

Kazi ya Kobe ilikuwa kuufuata mstari mweusi uliochorwa kwenye turubai mpaka mwisho. Chini ya kifua chake kulikuwa na kifaa kidogo cha kutambua weusi na weupe. Wao walikiita jicho. Sharti la mashindano lilikuwa wazi, na Mwalimu wa sayansi alilibandika ukutani: roboti iongozwe na jicho lake.

Lakini jicho lilikuwa na deko. Jua lilipopenya dirishani, Kobe aliuacha mstari akaenda kugonga mguu wa meza. Mawazo alilibembeleza jicho lile siku baada ya siku, likakataa katakata. Alasiri moja, wenzake wakiwa wametoka kunywa maji, akachoka. Akalizima jicho. Akamwandikia Kobe maagizo mengine: nenda mbele kiasi hiki, pinda kushoto, nenda tena, pinda kulia. Kobe akauzunguka mstari wote bila kukosea, kama mtoto anayeghani shairi asilolielewa.

Redio aliporudi na kuona hayo, alishangilia mpaka Mwalimu akaja mbio. Redio akamwambia Mwalimu kwamba Kobe sasa anaona. Mwalimu akampa Mawazo mkono, kama anavyompa mtu mzima. Mawazo alitaka kusema ukweli, ila akaupokea mkono ule. Akajiambia atalirekebisha jicho kesho, na kesho hiyo ikawa haifiki.

Msimu ukaanza. Katika shindano la kwanza turubai lilikuwa kama lile lile la mazoezi, na la pili vivyo hivyo. Kobe akashinda yote mawili. Mawazo alimtazama akiteleza juu ya weupe ule na akili yake ikapaa. Alimwona Kobe akivuka madaraja ya mawingu, akiwapelekea wagonjwa dawa, akipita juu ya mapaa ya mji uliolala na kuzijua njia zote za dunia. Ilikuwa ndoto tamu sana. Kilichomwamsha kila mara ni makofi, na makofi hayo yalimchoma. Kikombe walichopewa kiliwekwa kwenye kabati la kioo karibu na lango la shule, naye akaanza kupita mlango wa nyuma.

Kisha Mwalimu akaleta habari za fainali. Safari hii turubai litakuwa geni, na hakuna atakayeliona kabla ya asubuhi ya shindano. Redio akacheka, akasema hilo liwatie hofu wengine, Kobe wao ana jicho. Mawazo aliifunga kompyuta yake taratibu.

Jumamosi alikuwa nyumbani na Bibi, mama yake baba. Nuru ya macho ya Bibi ilikuwa imekwisha kufifia, lakini ungemwona akitoka kitini kwenda jikoni, akachukua birika na kurudi, ungeapa kwamba anaona. Asubuhi hiyo Mawazo alikivuta kigoda karibu na mlango apate mwanga, akakaa kuota ndoto zake, kisha akainuka na kukiacha pale pale. Bibi akaja na birika tupu. Goti likagonga kigoda, birika likaanguka, naye akaushika mlango kwa mikono yote miwili asianguke.

Mawazo alimkimbilia, akamwomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Bibi alikaa, akalisugua goti, kisha akacheka kidogo.

"Mjukuu wangu, mimi sioni, nakumbuka tu," alisema. "Nyumba hii nimeikariri. Ukisogeza kigoda, umenihamisha nyumba."

Mawazo aliketi sakafuni miguuni pake akalia. Akamweleza habari za Kobe tangu mwanzo hadi mwisho.

"Wenzako wanajua?" Bibi aliuliza.

"Hawajui, Bibi."

"Basi nao wanatembea gizani, na wewe ndiye uliyesogeza kigoda."

Jumatatu Mawazo aliwaambia wenzake ukweli, Mwalimu akiwapo. Redio alizimika kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alipopata sauti aliuliza kama ina maana yote aliyowaeleza waamuzi yalikuwa uongo. Mawazo akamjibu kwamba yeye alisema alichokiamini, uongo ulikuwa wake peke yake. Msumari alichukua bisibisi yake akatoka.

Mwalimu aliwapigia simu waandalizi. Jibu lilikuwa chungu: ushindi wote ufutwe na kikombe kirudishwe. Kwa kuwa walijitaja wenyewe, wangeruhusiwa kumwonyesha Kobe siku ya fainali, ila bila kushindania chochote. Mwalimu akauliza kama bado wanataka kwenda. Mlango ukafunguka, Msumari akaingia.

"Mimi nataka kumwona Kobe akiona," alisema. Kisha akamgeukia Mawazo. "Hilo jicho linasumbuliwa na nini hasa?"

"Na jua."

"Jua tu? Ungeniambia tangu mwanzo."

Alikata mpira mweusi wa kandambili iliyochakaa, akalizungushia jicho lile ukuta mdogo mithili ya kofia, mwanga wa pembeni usiingie. Aibu ilimpanda Mawazo mpaka masikioni. Dawa ya shida yake ilikuwa imeketi naye meza moja muda wote huo. Baada ya hapo walifanya kazi kila alasiri. Waligeuza turubai, wakabandika mistari mipya ya utepe mweusi kwenye makaratasi, wakafungua na kufunga mapazia, mpaka Kobe alipoacha kuliogopa dirisha.

Siku ya fainali ukumbi ulikuwa mkubwa na mweupe, na mstari ulijipinda kama wazo lisilojua liendako. Kobe aliwekwa chini. Alisita. Akatikisika kushoto, akatikisika kulia, akaupata mstari, akaenda. Alikuwa mwenye mwendo wa polepole kuliko roboti zote, na Mawazo hakuota ndoto yoyote, alikuwa pale pale, akiiona kila kona pamoja naye. Kobe alipofika mwisho, Redio alimshika Mawazo mkono na hakuuachia. Hawakurudi na kikombe.

Jioni Bibi alitaka kujua kimoja tu, kama Kobe alifika. Mawazo akamwambia alifika, tena njia asiyoijua.

"Hilo ndilo," Bibi alisema. "Aliyekariri hufika kule alikokwisha kufika tu. Anayeona kwa jicho lake hufika hata ugenini. Nawe ukishindwa, sema mapema, mjukuu wangu. Mficha maradhi hana mganga."

Mawazo alikuwa amerudi na utepe mweusi uliobaki. Alipiga magoti, akalaza kamba nyembamba sakafuni kutoka kwenye kiti cha Bibi hadi jikoni, akabandika juu yake utepe ule. Bibi akavua kandambili. Akautafuta mwinuko ule kwa unyayo, akasita, akaupata, akaenda polepole akitabasamu. Sauti yake ikatokea jikoni.

"Sasa kigoda chako kiweke utakapo, ila si juu ya mstari wangu."