Bakuli la Jogoo

Nilikuwa nakwenda Tandika kununua mafuta ya taa, jua linazama, chupa kwapani. Enzi zile za ruksa, kila mtu auze apendacho, kila kona ilikuwa na meza mpya: mitumba, saa, redio za Dubai. Lakini meza ya kijana huyu mfano wake sijapata kuuona. Kapanga miti mizee, shina limekunjamana, lakini urefu hauzidi kiganja... kila mmoja ndani ya bakuli lake.

"Shikamoo, bi mkubwa. Karibu bonsai."

"Marahaba. Huyo ndiye nani?"

Akacheka. Jina lake Ansbert, alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja, akajifunzia huko.

"Siyo mtu, bi mkubwa. Ni mti unaozuiwa kukua. Unaukata mizizi, unaukata matawi, unaufunga waya. Ila siri ni chombo. Kiwe kifupi, rangi isigombane na majani, na chini kiwe na tundu, maji yasituame."

Tundu.

Macho yangu yakaangukia bakuli la mwisho. La bati, jeupe, ukingo wa buluu, jogoo mwekundu ubavuni, mkia umebanduka rangi.

Bakuli la Chausiku. Mwanangu.

Mama yangu alikuwa akituambia, "Chombo cha maiti hutobolewa, ili aliye hai asikitamani." Siku ya arobaini nililigeuza bakuli lile alilonywea uji tangu utoto, nikalitoboa kwa msumari, mikono yangu hii, nikaliweka kaburini, upande wa kichwa.

"Hili umelitoa wapi?"

"Nimeokota. Kule yamejaa, hayana mwenyewe. Na tundu limeshatobolewa, sihangaiki..."

"Hayana mwenyewe?" Nikamkaba ukosi wa shati. "Ruksa mpaka makaburini, mwanaharamu wee?"

"Niache, bi mkubwa! Mti huo una mteja!"

Ndipo harufu ikanijia. Asumini... na mafuta ya nazi. Mti wenyewe mkuyu. Mkuyu na asumini wapi na wapi?

Sikujali. Nilishika shina niung'oe, nichukue bakuli langu niende zangu. Udongo ukapasuka. Mizizi ikatokeza.

Imesukwa.

Msuko wa twende kilioni. Mistari ile ile niliyomsuka Chausiku kitandani, wiki aliyokufa. Wa kushoto umepinda, maana pale alipitiwa na usingizi, na mie sikutaka kumwamsha.

"Umeisuka wewe hii?"

Ansbert alikuwa kajibanza ukutani. "Haki ya Mungu, mie naikata tu. Kila mwezi naikata. Inarudi vilevile."

Anaikata! Nikamzaba kibao, mkono ukaniwaka moto. Kisha nikavuta tena, kwa hasira zangu zote.

Chini ya majani ikatoka sauti, taratibu, kama ya mtoto aliyebanwa magotini mwa msusi...

"Mama... unaniumiza."

Nikaliachia shina.

"Mengine," nikanong'ona. "Mengine uliyookota kule yako wapi?"

"Nimeyauza. Masaki... Upanga... sikumbuki nyumba."

Nikabeba bakuli na mti wake. Nilifungua waya mmoja mmoja njiani, kila waya na tusi lake, nikamrudisha mwanangu mahali pake kabla giza halijashika. Mafuta ya taa sikununua.

Mpaka leo mkuyu ule haujaongezeka hata ukucha. Majirani wanasema udongo mbaya. Udongo gani mbaya, na mchicha unaota pembeni yake?

Asubuhi yake nilirudi kwa Ansbert, anipeleke nyumba kwa nyumba. Meza tupu. Zubeda, muuza vitumbua wa jirani, akaniambia, "Kafungasha alfajiri, dada. Kashika kichwa, anaruka, 'Naumia! Naumia!' Ungedhani anasukwa nywele."

Sikumwonea huruma. Mpaka leo simwonei.

Basi wewe uliyepewa mti mfupi ukaupambia sebule, inua bakuli lake leo, tazama tundu la chini. La kiwandani ni duara safi. La msumari lina meno.

Ukikuta lina meno, weka mkasi chini. Huyo ana mama.