Ziwa Shwari la Kezia

Kila Jumamosi Kezia Nduwayezu aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alideki, akachota maji bombani, akaosha vyombo, na muda wote huo mdomo haukupumzika. "Habari za asubuhi, msikilizaji popote ulipo!" aliiambia sufuria. Mama yake akacheka. "Yoo, mwana wanje, mwanangu wee! Hata sufuria zimechoka kusalimiwa."

Kezia alikuwa darasa la sita katika shule moja mjini Kasulu, na ndiye aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha wanafunzi kwenye redio ya jamii. Kulikuwa na salamu, vitendawili na nyimbo, lakini kilichosubiriwa zaidi ni taarifa ya ziwa. Siku hizi watu wa milimani wakipata nafasi huteremka hadi Ziwa Tanganyika, wakavuka kwa boti kwenda kisiwa kidogo chenye hoteli ya wageni. Huko hula samaki, hupiga picha, wakarudi jioni. Kabla ya kuondoka husikiliza kwanza redio: upepo ukoje, mawimbi yakoje, kunavukika au hakuvukiki?

Majibu hayo Kezia aliyapata kwa kumpigia simu kaka William, mwangalizi wa ufukwe wa ile hoteli. Msimamizi wa kipindi, Mwalimu Asmahani, alizaliwa Mafia, bahari ikiwa mlangoni, na kwa jambo hili hakuwa na mzaha. "Kezia, maji hayasomwi kwenye dirisha la Kasulu," alimwambia mara nyingi. "Piga simu. Usipompata mtu, sema hukumpata. Aibu iko wapi?"

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Kezia alifika redioni amechelewa. Njiani wasichana wa shule nyingine walikuwa wamemsimamisha wamsifie sauti yake, naye, nani asiyependa sifa? Alimpigia William, hakupokea. Akapiga tena; kimya. Mwenzake Brighton, msomaji wa salamu, akamwashiria kwa mkono. "Muda, Kezia! Taa ya hewani imewaka!"

Kezia akatazama dirishani. Anga lilikuwa safi, hakuna wingu hata la dawa, na migomba nje haikutikisa jani. Watu wa milimani wanaogopa mawingu. Pasipo wingu, cha kuogopa ni nini? Na kusema "sikumpata" mbele ya Kasulu nzima, baada ya sifa zote zile? Thubutu!

"Ziwa ni shwari," akasema kwa madaha. "Upepo mwanana, mawimbi madogo. Mnaokwenda kisiwani, vukeni mkafurahi!"

Wimbo ukapigwa. Brighton akaanza kupitia ujumbe wa salamu kwenye simu ya redio, akatabasamu. "Huu ni wako."

"Kezia mwanangu, ni shangazi yako Recho wa Titye. Tulikuwa tunasitasita, lakini tumekusikia. Kwaya nzima tumepanda basi na watoto wetu, tunakwenda kisiwani. Tumekodi boti ya mtu mwaloni, pale zinapoegeshwa boti. Mungu akubariki."

Kabla hajamaliza kusoma, simu ikalia. Alikuwa William, na nyuma yake palikuwa na mngurumo.

"Mdogo wangu, nimeona umenitafuta. Nilikuwa nazuia wageni wasiingie majini. Leo pabaya! Upepo wa kusini umeamka tangu alfajiri, mawimbi yanafika kwenye viti vya wageni. Tumepandisha bendera nyekundu na boti yetu haitoki. Waambie watu wasivuke."

"Lakini... hakuna mawingu," Kezia alisema.

"Mawingu ya nini? Miezi hii ziwa linachafuka na jua linawaka vilevile. Nyie wa milimani mna mambo!"

Kezia akakata simu. Akampigia shangazi yake, simu haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Alijua redio yao ni ndogo. Basi likishaanza kuteremka kuelekea ziwani, milima huimeza sauti yote. Ilimpasa kusema, na kusema sasa hivi. Lakini aseme nini? Akisema ukweli, kiti hiki hakalii tena.

Akashika kipaza sauti. "Msikilizaji, hali ya ziwa imebadilika kidogo. Wanaovuka wawe waangalifu."

Brighton akamkazia macho. "Imebadilika saa ngapi?"

"Soma salamu zako!"

Haikupita hata nusu ya wimbo, mpigaji akaunganishwa hewani. "Mimi Bazilio, bodaboda wa stendi. Lile basi la kwaya ya Titye limenipita hapa sasa hivi. Nimemwambia dereva redio inasema hali imebadilika. Akacheka, akasema kubadilika kidogo si neno, wenyewe watangazaji walishasema shwari. Wamekwenda, wanaimba, hata redio wamezima. Sasa nauliza, hiyo kidogo ni kidogo gani?"

Kezia akatazama kile kipaza sauti. Machoni alimwona shangazi Recho, ambaye hajui kuogelea, amempakata mtoto kwenye boti ya watu. Uongo wa pili ulikuwa umeupa nguvu ule wa kwanza. Machozi yakamtoka, akaacha yatoke.

"Kaka Bazilio, si kidogo," akasema. "Mimi Kezia Nduwayezu nimewadanganya. Sikumpata mtu wa ziwani, nikatazama dirishani, nikatunga. Hali haikubadilika. Ni mbaya tangu alfajiri, na bendera nyekundu imepandishwa. Yeyote aliye njiani, tafadhali, lisimamisheni basi la kwaya. Shangazi, msipande boti!" Kisha akarudia yote kwa lugha ya nyumbani, asije mtu akasema hakuelewa.

"Nawasha pikipiki!" Bazilio akasema, simu ikakatika.

Mwalimu Asmahani alikuwa amesimama mlangoni. Hakumgombeza wala hakumbembeleza. Akavuta kiti, akaketi, wakangoja. Nyimbo zikaisha, zikapigwa nyingine. Brighton hakuthubutu kufanya utani. Kila simu iliyolia Kezia aliruka, na kila mara alikuwa mtu wa salamu tu, au mtu wa kumtukana.

Mwishowe ikalia namba ya Bazilio, lakini aliyesema hakuwa yeye.

"Kezia." Ilikuwa sauti ya shangazi Recho. "Askari walitusimamisha kwenye kizuizi kukagua basi, na huyu kijana akatukuta hapo, vumbi mpaka kwenye kope. Hatuendi."

"Shangazi, nisamehe."

"Nitakusamehe. Ila ujue, wenzangu walitaka tuahirishe. Mimi ndiye niliyewaambia, aliyesema ni mtoto wa kaka yangu, hawezi kutudanganya. Sasa niko hapa barabarani, natazama watoto wa watu."



Kabla Kezia hajaondoka redioni, William akapiga tena. Boti iliyokodiwa na kwaya, mwenye boti alikuwa amejaribu kuivusha ikiwa tupu. Wimbi liliipindua karibu na mawe, ikapasuka, naye akaokolewa na wavuvi akiwa hoi. Mwalimu Asmahani aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, kisha akamsimulia Kezia bila kupunguza neno.

"Jumamosi ijayo kiti ni cha Brighton," alisema. "Wewe utapiga simu ziwani, na utakachoambiwa ndicho atakachosoma. Ukikosa mtu, utamwambia aseme tumekosa mtu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulipokiri umewaokoa, na hilo nalihesabu. Lakini sikiliza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ya leo ilianzia hapa dirishani, ikafika hadi ziwani, na juu yake kulikuwa na basi zima la watu waliokuamini. Mtu akikuamini, mwanangu, amekukabidhi roho yake. Mwambie unachokijua. Usichokijua, mwambie hukijui."

Kezia aliitikia kwa kichwa. Kisha akaomba ruhusa aende nyumbani, akamweleze mama yake mwenyewe kabla majirani hawajamtangulia.