Gari Hili ni Jeupe

Jumamosi saa sita mchana, orofa ya tatu ya maegesho pale Lat Phrao ilikuwa imejaa hadi njiani. Aliyekosa nafasi aliegesha mbele ya wenzake, akaacha gia huru na handbreki chini, ili anayetaka kutoka asukume. Bangkok nzima huegesha hivyo. Darunee naye alijua, ila siku hiyo alikuwa na haraka, na mkono wake ukapandisha handbreki kwa mazoea.

Aliporudi, gauni lake la manjano limemganda mgongoni kwa joto, alimkuta mwanamume wa ovaroli ya buluu akisukuma kwa nguvu zake zote buti la gari lake dogo jekundu la spoti. Halikusogea hata kidogo.

"Dada," akasema akihema, "hili gari limeota mizizi?"

"Jamani! Handbreki. Nisamehe, kaka."

"Nilishaanza kufikiri nimezeeka."

Alipoondoa kiganja, akaiona stika iliyokuwa chini yake. Akaisoma kwa sauti: "Gari hili ni jeupe." Akalitazama gari, akamtazama mwenyewe. "Ni macho yangu au?"

"Nimezaliwa Jumatatu. Kila siku ina rangi yake ya nuksi, na yetu wa Jumatatu ni nyekundu. Mama yangu ndiye aliyeibandika."

"Na nuksi ikisoma hapo inaondoka zake?"

"Mpaka leo imeondoka."

Akacheka. Aliitwa Wichit, fundi wa viyoyozi. Pikapu aliyotaka kuitoa ilikuwa nyekundu iliyopauka, yenye milango minne na ngazi juu ya paa.

"Basi hii yangu huwezi kuipanda."

"Siwezi. Haina stika."

Wakawa wapenzi, na kwa miezi mitano walipanda gari la Darunee. Wichit alikuwa mrefu, magoti yakimfika karibu na kidevu, na kila asubuhi alipiga simu kwenye duka la dawa alikofanya kazi Darunee.

"Hujambo, Bi Jeupe?"

"Niko kazini, wewe. Wateja wamejaa."

"Niuzie dawa ya magoti, basi. Gari lako limenilemaza."

"Tembea kwa miguu."

"Kwa magoti haya haya, mpenzi?"

Gari hilo Darunee alilinunua likiwa bovu. Yeye na baba yake, Mzee Kasem, walilipiga msasa uani mwaka mzima, mama akiwaletea maji ya barafu. Mwaka uliofuata mama alifariki.

Baada ya miezi ile mitano, Mzee Kasem akateleza bafuni, akawekewa nyonga ya chuma. Mazoezi hospitalini yalikuwa Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu Darunee hakuwa kazini, akampeleka mwenyewe. Alhamisi Wichit alimpeleka kwa pikapu.

"Liuze," shangazi yake akamwambia. "Nunua gari la watu, lenye viti vya watu."

Darunee aliandika tangazo mara tatu, akalifuta mara tatu. Kila mara, kabla ya kulituma, alimuuliza kwanza baba yake.

"Baba, kiti hakikuumizi?"

"Nakaa kama niko kwenye kochi."

Jumapili moja alitoka jikoni na sahani ya mapera, akamkuta Wichit amepiga goti kando ya gari lake, mlango wazi, futi mkononi. Alikuwa akipima kiti na kuandika kiganjani.

"Unapima nini?"

Wichit akafumba kiganja. Dirishani, Mzee Kasem akarudisha pazia.

"Umeshampata mnunuzi, siyo? Unampelekea vipimo?"

"Hapana, mpenzi."

"Basi sema."

"Siwezi. Nimeahidi."

"Kila mtu ananiambia niliuze. Nilikupenda kwa sababu wewe hukusema. Kumbe umeamua bila hata kuniuliza." Aliweka sahani juu ya ukuta. "Nenda, Wichit."

Akaenda. Siku kumi na tano simu zake hazikupokelewa, na Alhamisi mzee alipanda teksi.

Jumatatu ya tatu, Bi Orathai, mtaalamu wa mazoezi, alifungua kadi ya mgonjwa wake, akamwita Darunee kando.

"Namuuliza maumivu kati ya moja na kumi. Alhamisi anasema mbili, tatu. Jumatatu ni saba, nane. Jumatatu mnamfanya nini?"

Darunee alimtazama baba yake. Mzee alitazama viatu vyake.

"Baba."

"Gari lako liko chini, mwanangu. Kushuka ni kama kutoka shimoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeliuza."

"Na Wichit?"

"Mimi ndiye niliyemtuma apime. Nilitaka akiinue kiti. Nikamwapisha asikwambie, maana ungeuliza kwa nini."

Jioni ile Darunee aliandika tangazo kwa mara ya nne, na hakulifuta. Jumatano alikuja mnunuzi, daktari wa meno, msichana mwenye miwani, akalizunguka gari akitabasamu.

"Hii stika niitoe?"

"Umezaliwa siku gani?"

"Ijumaa."

"Basi haikuhusu. Ila itoe taratibu, kwa maji ya moto."

Gari lilipokata kona, Darunee alibaki amesimama mpaka mlio wake ukapotea. Akapangusa macho, akapiga simu.

"Nimeliuza."

Wichit akajibu: "Ningejaribu tena kile kiti."

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara nne. Kila mara, kiti kikiinuliwa, kichwa cha mzee kinagonga paa."

"Nisamehe." Akavuta pumzi. "Kesho Alhamisi. Nimeomba ruhusa, niende naye."

"Saa mbili nitakuwa hapo."

Alifika saa mbili kasorobo. Chini ya mlango wa pikapu kulikuwa na kidato alichokichomelea mwenyewe. Mzee Kasem alikikanyaga, akageuka, akakaa wima bila kukunja uso. Darunee akazunguka nyuma kuweka mkongojo wa baba yake. Akasimama.

Kwenye mlango wa nyuma wa kupakilia mizigo palikuwa na stika, imepinda kidogo, imejaa vumbi: Gari hili ni jeupe.

"Umeiweka lini hii?"

"Wiki ile tulipokutana. Hujawahi kuzunguka huku."

"Ulijua nitaipanda?"

"Sikujua. Nilijiandaa tu."

"Mimi niliiona," mzee akasema kutoka ndani. "Na yeye aliniapisha."

Wichit alijikuna shingo. "Nataka uipande siku zote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mnaoana huko nyuma au tunakwenda hospitali?"

"Vyote, mzee," Wichit akajibu. "Tuanze na hospitali."

Darunee alilowesha kidole gumba kwa ulimi, akafuta vumbi kwenye stika, akapanda.