Majani Yaliyoosha Kidonda

Jioni ile nilitoka na beseni na jembe dogo, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenda kuzika majani. Kazi ya muda mfupi tu. Ndani ya beseni kulikuwa na mwarobaini uliochemshwa, mabaki ya manjano na asali, na vitambaa vilivyoshika usaha wa mume wangu. Mimi ni msusi. Harufu za vichwa vya watu nimezizoea, nyingine za kutisha kweli kweli, lakini ile ilinikaa kooni.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Kipande cha bati kilimchana mguu karakanani, akaufunga kwa tambara la kufutia grisi, akaendelea na kazi. Mwanaume huyo huyo, akijikwaruza na msumari nyumbani, hulia utadhani anajifungua mapacha. Safari hii alijikaza mpaka mguu ukavimba ukawa kama gogo. Hospitali wakampa vidonge na sindano, kisha daktari akachora mstari kwa kalamu chini ya goti.

"Huu wekundu ukivuka hapa," alisema, "mrudi haraka. Tutazungumza habari za kuukata mguu."

Jioni ile wekundu ulikuwa umeugusa mstari.

Habari za majani alikuwa nazo mama mkwe. Hakugombana na hospitali hata kidogo, na vidonge alimmezesha mwanawe mwenyewe. Lakini pembeni alichemsha mwarobaini, akaacha maji yapoe, akanionyesha kuosha kidonda kuanzia katikati kwenda nje. Halafu manjano na asali juu yake. Kwao wana sharti moja: majani yaliyogusa kidonda huzikwa na mkono ule ule ulioosha, ndani ya ua wa mgonjwa, kabla giza halijaingia. Hayatupwi jalalani, hayachomwi moto, wala hapewi mtu.

"Nani atayataka hayo, mama?" nilimuuliza siku ya kwanza, nikicheka.

Hakucheka. "Wewe zika tu, mwanangu."

Nikawa nazika. Lakini jioni ile mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta majani mengine, na mimi moyo haukutulia. Nikikaa nasimama. Nikisimama nakwenda kuutazama tena ule mstari, kana kwamba macho yangu yataurudisha wekundu nyuma. Ardhi ilikuwa ngumu, shimo halichimbiki, na mwanga ulikuwa unakwisha.

Ndipo nikasikia mtu anavuta hewa nyuma yangu.

Si kupumua...

Kunusa.

Nikageuka. Mwanamke alikuwa amesimama ng'ambo ya ua wa mabati, pale bati moja lilipong'oka. Mtu mzima, msafi, gauni limepigwa pasi. Alinukia karafuu. Chini ya karafuu kulikuwa na harufu nyingine, na nilijua ni ipi kwa sababu nilikuwa nimeishika kwenye beseni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia.

"Unamzikia mumeo maradhi uani kwake," alinong'ona. "Unadhani yataenda wapi? Yatarudi mlemle ndani."

Sikuwa nimemwambia nina mume, wala kwamba anaumwa.

"Nipe mimi. Nitayapeleka mbali."

"Wewe ni mganga?"

"Mchukuzi tu."

Nilijua ninachotakiwa kumjibu. Sharti nilikuwa nalo kichwani, neno kwa neno. Lakini ndani ya nyumba mume wangu akapiga ukelele. "Kelele! Njoo, nakufa mie!" Kelele ndiyo mimi. Alinipa jina hilo tangu tunachumbiana, eti mdomo wangu unazidi mashine zake za karakana.

Yule mwanamke akafumba macho. Alisikiliza kilio cha mume wangu kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwa wema.

"Anaumia sana," alisema taratibu. "Na hayo maumivu... niyachukue?"

"Chukua," nikasema. Niliogopa kuukosa mguu ule, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. "Chukua yote."

Nikampitishia beseni katika pengo la bati.

Hakuondoka nalo. Aliingiza vidole, akaokota jani moja lililokuwa limeganda usaha, akaliweka mdomoni.

Akatafuna.

Ndani, kilio kikakatika katikati.

Nilikimbia nikaacha viatu nyuma. Nikamkuta mume wangu ameketi kitandani, mgongo umenyooka, ananitazama kwa utulivu. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Wekundu umerudi chini, mbali kabisa na mstari. Nikaanguka magotini nikaubusu mguu ule, nikacheka, nikalia. Mkono wake ulinipapasa kichwa mara moja, ukaacha.

Mama mkwe aliporudi aliuangalia mguu muda mrefu. Nilingoja vigelegele.

"Majani umezika wapi?"

Nikamweleza. Akakaa chini sakafuni na majani mabichi yamejaa mapajani.

"Ulimwambia achukue nini?"

"Yote, mama."

Akafunika uso. "Mimi simjui ni nani. Marehemu mama yangu alimwona mara moja, akafunga mlango. Alisema yule hayali maradhi. Maradhi kwake ni ganda tu. Anamenya, anakula kilichomo ndani."

Daktari alifurahi sana. Alisema dawa za hospitali zimefanya kazi. Huenda ni kweli, na Mungu anajua jinsi ninavyotamani iwe hivyo.

Mume wangu alirudi kazini. Wenzake ndio walioniita. Alikuwa ameshika chuma kilichotoka motoni muda ule, mkono mtupu, na karakana nzima ilikuwa inanuka nyama. Watu wanapiga kelele, mmoja analia, na yeye anageuza kiganja huku na huku, anakitazama kama glavu ya mtu mwingine. Nilikifunga kiganja kile mwenyewe. Nilikibana makusudi, Mungu anisamehe, nikingoja aruke, anitukane, aseme namuua. Hakushtuka.

Usiku nililala kifuani kwake nikalia. Akagusa chozi langu kwa kidole.

"Inakuwaje hiyo?" akauliza.

Haniiti Kelele tena. Ananiita mke wangu, kwa heshima, kama mgeni anayeomba maji. Zamani nilikuwa namwambia anyamaze na vilio vyake, anasumbua majirani. Sasa nampikia mbichi, naunguza, namsonya, namchokoza kila njia ninayoijua. Anasema asante.

Tungeishi hivyo. Watu wanaishi na mengi.

Lakini jua likizama harufu ya karafuu inapita chini ya mlango. Halafu hatua... moja nzito, moja ya kuburuta. Mtu anachechemea kuuzunguka ua, anapapasa mabati, anatafuta lile pengo. Mimi na mama mkwe tuliliziba kwa mbao tangu kesho yake. Basi anakuja mlangoni.

"Kelele..."

Ni sauti ya mume wangu. Siyo ya kuigiza. Hata ule mkwaruzo wa moshi wa karakana umo, hata namna anavyovuta neno la mwisho akitaka nimhurumie.

"Kelele, nakufa mie... Mguu... Nifungulie, baridi huku..."

Mama mkwe husali kwa sauti ili asisikie. Huyo ni mwanawe analia nje, na ni mwanawe huyo huyo anayeogopa kumfungulia.

Jioni hii ameanza mapema. Kilio kimepanda mpaka kimekauka, sasa ni kwikwi tu, kama mtoto aliyechoka. Mama mkwe ameshikilia ufunguo kifuani, anatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Namsihi anipe. Namwambia yule ni wangu, ninamjua, nimelala naye miaka yote hii.

Mlango unagongwa kwa upande wa chini, pale mtu aliyeanguka angefikia.

"Mke wangu," anasema yule aliyeketi mezani. Nageuka. Amenitazama kwa upole, mkono wenye bandeji umeshika kijiko.

"Samahani," anasema. "Chumvi iko wapi?"