Maua ya Mashine

Kufuli halikuvunjwa. Inspekta Makokha aliligeuza mkononi, akalirudisha kwenye mlango wa mabati. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tarehe kumi na moja Oktoba 2008, katika karakana ya Kirit, upande wa viwandani, Nakuru. Jana yake ilikuwa sikukuu ya Moi na hakuna aliyefanya kazi.

Ndani, mashine ya kukausha mahindi ilisimama kama ng'ombe aliyepasuliwa, tumbo wazi. Ilitumia moto wa magunzi badala ya dizeli. Moyo wake ulikuwa koili ya shaba ambayo Ritu, binti wa Kirit, aliikunja kwa mikono yake. Sasa boliti zilikuwa zimefunguliwa vizuri na koili haipo.

"Ukubwa wake ni kama sufuria ya ugali tu," Ritu alisema, macho mekundu. "Mtu anaibeba kwa kikapu."

"Nyingine haiwezi kutengenezwa?"

"Kabla ya Jumatatu? Hapana, Inspekta."

Jumatatu kamati ya wizara ilikuwa inakuja kuona mashine ikifanya kazi. Sera mpya ilisema hivi: kifaa kikipita mbele ya kamati, kinaandikishwa kwa jina la aliyekibuni, serikali inamsaidia kukiunda hapa hapa, na kampuni ya nje haiwezi kukimeza. Kisipopita, kinangoja mwaka mwingine. Na kulikuwa na kampuni ya ng'ambo isiyotaka kungoja. Ilitaka kununua kila kitu, impeleke Ritu kusoma kwao bure, na chochote atakachobuni huko kiwe chao.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Yangu hii," Kirit akasema. "Nyumbani inakaa kwa msumari. Ingine ni ya Wanyoike."

Wanyoike, fundi wa kuchomea vyuma, alikuwa ameegemea ukuta. Nje majirani walishamhukumu. Tangu ghasia za uchaguzi za Januari, watu wa mji ule hawakuhitaji ushahidi mwingi kumwonyesha mtu kidole.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Rongai, bosi. Kuangalia nyumba yangu."

"Si nyumba yako iliungua Januari?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Nani alikuona?"

"Mtu akisimama kwa jivu, nani anamwangalia?"

Makokha alisogea mbele. Akagusa alama nyekundu juu ya mashine. "Hii nini?"

"Ya Mama Nimesh, mke wa mzee Kirit. Alhamisi ilikuwa siku yao Wahindi ya kubariki vyombo vya kazi. Hata nyundo yangu ilipakwa. Mashine ikavalishwa shada la maua ya njano. Ritu aliyatunga kwa waya wa shaba, ati uzi utaungua." Wanyoike alicheka, kisha akakumbuka alipo.

"Shada liko wapi?"

Walitafuta chini ya mashine, kwenye pipa, nje mpaka mtaroni. Hata jani moja la ua hakuna.

"Ungekuwa wewe mwizi, ungelifanyia nini?"

"Ningelikanyaga, bosi. Mwizi na maua wapi na wapi?"

Jibu hilo halikumsaidia. Ufunguo alikuwa nao, na shahidi hakuwa naye. Kufikia saa sita Wanyoike alikuwa ndani ya seli.

Mchana Makokha alimkuta Peterson, wakala wa ile kampuni, akinywa chai hotelini.

"Jana nilikuwa Naivasha, kwa mashamba ya maua," Peterson alisema. "Uliza meneja yeyote."

Makokha alipiga simu pale pale. Ilikuwa kweli.

"Lakini hasara yao ni faida yako."

"Siwezi kukataa. Picha na michoro ya koili tunayo, Ritu alitutumia mwenyewe alipoomba masomo. Jumatatu ikipita bure, wakubwa wangu wataunda yao. Lakini msichana tulimkosa. Jumatano alinipigia akakataa masomo. Alisema mama yake alishapoteza mtoto mmoja kwa ndege."

"Mama anajua amekataa?"

"Alisema atamwambia Jumatatu, kamati ikishapitisha. Iwe zawadi."

Makokha aliondoka, akiuwaza ule ufunguo wa msumarini.

Nyumba ya Kirit ilikuwa mtaa wa Section 58. Mlangoni kulikuwa na chungu cha mrihani, mmea wao mtakatifu, na chini yake maua makavu. Makokha alichuchumaa. Yalikuwa ya njano, na kati yake waya wa shaba uling'aa.

Champa, yule Mama Nimesh, alisimama mlangoni, mumewe na bintiye nyuma yake.

"Mama, maua ya maombi mnayatupa wapi?"

"Hayatupwi. Yameshapewa Mungu. Tunayaweka hapo, ama kwa maji."

"Na shaba iliyobarikiwa?"

Champa aligeuka. Aliingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa sari nyekundu. Alikifungua sakafuni. Koili ilikuwa imepondwapondwa ikawa bapa.

"Hata hii nilishindwa kutupa," alisema.

"Champa!" Kirit akaita, kama mtu anayemwita aliye mbali.

"Ijumaa ulilala mchana, nikachukua ufunguo. Nimekushikia spana tangu tuoane, ulifikiri siwezi kufungua boliti?" Akamgeukia Makokha. "Mwanangu Nimesh alienda ng'ambo kusoma miaka miwili. Sasa ananipigia simu sikukuu ya Diwali peke yake. Mtoto wake hajui lugha ya kunisalimia. Nikasema hii mashine ndiyo ndege ya huyu. Nikaivunja ndege."

Ritu alikuwa amepiga magoti, akijaribu kunyoosha shaba kwa vidole.

"Mami, nilikataa. Jumatano. Hii mashine ndiyo ilikuwa ya kunibakisha."

Champa aliketi pale pale mlangoni.

Kirit hakutaka kushtaki. Jioni Champa alienda kituoni mwenyewe, akasimama mbele ya Wanyoike, aliyekuwa ameachiliwa na akivaa viatu vyake.

"Nisamehe, mwanangu."

"Januari ulinipa blanketi, Mama Nimesh," Wanyoike alisema bila kuinua kichwa. "Leo umeniacha niitwe mwizi." Alimaliza kufunga kamba, akatoka. Karakanani hakurudi tena.

Jumatatu kamati ilikuja, ikachungulia tumbo tupu la mashine, ikatikisa vichwa, ikaondoka. Mwezi uliofuata Peterson alileta habari kwamba wakubwa wake wameanza kuunda ya kwao. Ritu alikaa na habari hiyo siku kadhaa, kisha akaomba visa ya mwanafunzi. Kama koili yake itazaliwa ugenini, alisema, afadhali awepo.

Asubuhi ya safari Champa alimvalisha shada la maua ya njano, lililotungwa kwa waya wa shaba. Ritu alilivaa mpaka kwenye lango, akalivua, akamrudishia.

"Usilitupe, Mami."

Champa hakulitupa. Chini ya mrihani pia hakuliweka. Alilitundika ndani ya nyumba, juu ya ufunguo, kwenye ule msumari.